Kasha la Aunsi Nne

Watu wakisikia kwamba nakusanya saa za mfukoni za zamani, swali lao la kwanza huwa ni ipi yenye bei kubwa. La pili ni kwa nini hii inaitwa saizi kumi na nane na ile saizi kumi na sita, wakati wakizishika mkononi hawaoni tofauti. La kwanza silijibu. La pili nalijibu hata nisipoulizwa, na mke wangu Leota alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza ili ninyamaze watu wale chakula chao.

Saizi si ya kasha. Hapo ndipo wageni wote wanapoteleza. Wanapima kasha kwa nje na rula ya shule, wanarudi wanajigamba wamepata saizi kumi na nane, kumbe wamenunua kasha nene lenye mashine ya kumi na sita ndani. Saizi ni ya mashine. Unapima lile bamba lililo chini ya uso wa saa, ukingo mpaka ukingo. Sifuri ni inchi moja na sehemu tano za thelathini, na kila saizi unayopanda unaongeza sehemu moja ya thelathini ya inchi. Kati ya kumi na sita na kumi na nane tofauti yake ni unene wa sarafu moja ya robo dola.

Zamani kiwanda cha mashine kilikuwa kivyake na cha makasha kivyake. Dereva wa treni aliingia dukani akachagua mashine kwanza, halafu akachagua vazi la kuivalisha kwa kadiri ya uwezo wake: nikeli, madini ya fedha au dhahabu. Ndiyo maana mashine ya kumi na nane ya dereva mmoja inaingia vizuri tu kwenye kasha la kumi na nane la dereva mwingine. Mimi nilikuwa naliona jambo hilo ni uzuri mtupu. Sasa naliona ndilo lililoniponza.

Baba yake Leota, Oskar Weyandt, alikuwa dereva wa treni hapa mjini Altoona. Saa yake ilikuwa na mashine ya kumi na nane safi sana, vito ishirini na moja vya kupunguza msuguano, ndani ya kasha la fedha la aunsi nne, zito, lenye picha ya treni mgongoni. Dohani ya ile treni ilikuwa imefutika kwa kusuguliwa na kidole gumba. Ukingoni, karibu na shingo ya kufungia mnyororo, palikuwa na kibonyeo. Leota aliiangusha kwenye jiko la makaa akiwa na miaka saba, na Oskar hakutaka kinyooshwe. Alisema kidole chake kimepata pa kukaa.

Oskar alikufa mwaka 1921 treni yake ilipoacha reli. Saa haikupata hata mkwaruzo. Mkaguzi wa reli, bwana mmoja mwenye koti jeusi, aliileta nyumbani imefungwa kwenye leso nyeupe, akaifungua juu ya meza ya jikoni, nayo ilikuwa bado inatembea, sahihi kwa sekunde. Kisa hicho nimewasimulia wakusanyaji wenzangu mara mia, na kila mara walipiga miluzi kwa kustaajabu. Nilikuwa nakisimulia kama sifa ya mashine. Kwamba mezani palikuwa na mtoto wa miaka tisa anayeangalia, hilo sikuwahi kulitia kwenye simulizi.

Mwaka 1951, baada ya mama mkwe kufariki, saa ikawa yetu. Mimi nilikuwa na kasha tupu la dhahabu, saizi kumi na nane vilevile, na mkutano mkubwa wa wakusanyaji ulikuwa umekaribia. Nikaona ni dhambi mashine ya namna ile kuvaa kasha lililobonyea. Nikachukua bisibisi, nikalegeza skrubu mbili, nikaitoa, nikaivalisha dhahabu. Kazi ya dakika tano. Kasha la fedha nikampa rafiki yangu Norbert Fickes, mkusanyaji mwenzangu, naye akanipa uso wa saa. Mkutanoni nilisifiwa mpaka nikavimba kichwa.

Leota aliiona usiku ule niliporudi. Aliigeuza, akaigeuza tena, akaniambia, "Umemvua baba nguo." Hakulirudia neno hilo kwa miaka ishirini na nane, nami nilijidanganya kwamba amesahau.

Kusahau kulikuja baadaye, na hakukuanzia hapo nilipotaka kuanzie. Alisahau kwanza jina la dada yangu, kisha njia ya kwenda kanisani, kisha jiko kuliwasha na kulizima. Kufikia majira ya baridi ya mwaka 1979 alikuwa amenisahau hata mimi siku nyingine, ananiita bwana, ananiuliza kwa adabu kama nimekuja kutengeneza bomba. Kilichobaki kichwani mwake, kimesimama kama nguzo, ni saa ya baba.

"Saa ya baba iko wapi?"

Aliuliza asubuhi, aliuliza mchana. Alifungua droo zote akamwaga vijiko sakafuni. Nilimpa ile ya dhahabu, akaipima kiganjani, akanirudishia akasema si ya kwao, nimtafute mwenyewe nimpe. Siku ya tatu aliirusha ukutani, nayo haikusimama. Nikawa namwambia, "Nitaileta, Leota. Nitakuletea saa ya baba hapa hapa mezani." Kila nikisema hivyo midomo yake ilitetemeka. Nilidhani ni hamu. Mungu anisamehe, nilidhani ni hamu, nikawa nalirudia mara kumi kwa siku.

Kisha akaacha kula. Si kwa kugoma. Alikaa mbele ya sahani akitazama dirishani, kijiko mkononi, mpaka supu ikaganda. Jirani yetu Concetta, mjane wa Kiitaliano mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alimpikia kila alichojua, akamlisha kama kifaranga, wapi. Nguo zikaanza kumpwaya. Daktari alisema wagonjwa wa namna hii wakikataa chakula hivyo hawachukui muda mrefu, akavaa kofia yake akaenda. Concetta akanishika mkono akaniambia kama kuna kitu Leota anakitaka, nikitafute hata kama kiko chini ya ardhi.

Nilijua kiko wapi. Kilikuwa kwa Norbert, Hollidaysburg, mwendo wa dakika ishirini, ndani ya droo moja na makasha mengine matupu ambayo hajawahi kuyauza kwa sababu Norbert hauzi kitu. Nilifika kwake saa nne asubuhi, Januari ya mwaka 1980, theluji imefika magotini. Alinifungulia akiwa na kikombe cha kahawa, akanicheka kwa koti langu jeusi, akauliza nani kafa. Nikamweleza shida yangu. Kicheko kikamkauka.

"Harlan, miaka ishirini na nane hujaniulizia," alisema. "Nimeuza jana."

Wanaokumbuka Januari ile watanielewa. Bei ya fedha ilikuwa imepanda mpaka watu wanauza vijiko vya bibi zao na medali za shule. Wanunuzi walikodi vyumba vya moteli wakaweka mizani kitandani, na foleni ikazunguka jengo. Na watu wetu, watu wazima waliokuwa wakibishana usiku kucha juu ya skrubu moja isiyo ya asili, wakaanza kuvua saa nguo kwa ndoo. Mashine wakatupia kwenye makopo ya kahawa. Makasha yakaenda kwenye tanuri kuyeyushwa. Na Norbert, asiyeuza kitu, paa lake lilikuwa linavuja.

Nilimwita majina ambayo siyaandiki hapa. Aliyapokea yote, kisha akaniambia moteli gani, ile ya barabara kuu, chumba cha sita, na kwamba lori la kupeleka mzigo Pittsburgh linaondoka saa saba. "Kimbia, mzee mwenzangu," akasema. "Nami nisamehe ukifika."

Garini nilifanya kitu ambacho mkusanyaji hafanyi. Saa ya dhahabu nilikuwa nimekuja nayo; niliitoa mashine ya Oskar kwenye kasha lake pale pale juu ya goti, nikaitia kwenye kikopo cha peremende za kikohozi, nikakifunga. Kasha la dhahabu nikalitia mfuko wa pili. Nilishaelewa kwamba nitaihitaji mashine ili kumjua mwenziwe.

Chumba cha sita hakikuwa na kitanda. Walikuwa wamekisimamisha ukutani. Sakafuni palikuwa na rundo la makasha ya fedha lililofika magotini, na kando yake mapipa mawili. Mwanamume mpana aliyeitwa Delmar, aliyeachishwa kazi karakana ya reli mwaka uliotangulia, alikuwa ameketi mbele ya gogo na nyundo. Anachukua kasha, analiweka juu ya gogo, pa, limekuwa bapa, anatupa pipani. Kasha bapa halichukui nafasi. Pipa la kwanza lilikuwa limejaa.

Mnunuzi mwenyewe, kijana wa suti na soksi za njano, hakutaka kunisikia. Mzigo umeshapimwa, karatasi zimeshaandikwa, hapa si jumba la makumbusho. Nilimwambia mke wangu anakufa. Akanijibu, bila ubaya, kwamba tangu asubuhi ameshasikia wake watano wanakufa. Nikatoa kasha la dhahabu nikamwekea mkononi.

Alilipima kwa macho tu, akanitazama. "Mzee, unajua hii ni nini?"

"Naijua kuliko wewe."

"Unataka kutoa dhahabu uchukue fedha? Siku kama ya leo?"

"Nataka kutafuta. Nikikosa, baki nayo."

Akampa ishara Delmar kwamba nina ruhusa, ila kazi haisimami, lori halimsubiri mtu. Delmar alilichukua kasha langu la dhahabu, lile nililosifiwa nalo, akalipiga mara moja tu. Sikuhisi chochote. Nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye rundo.

Sasa elimu yangu yote ya saizi ikawa na kazi moja. Makasha makubwa kwa nje nilikuwa nayachukua, nayafungua, natelezesha mashine ndani. Ikikataa kuingia, ni kumi na sita lenye unene wa kudanganya, tupa. Ikiingia, ni kumi na nane, angalia ukingo. Maana mashine inakaa ndani ya kasha kwa skrubu mbili za pembeni, na kila zikikazwa zinaacha kovu kwenye ukingo, kovu dogo la umbo la kucha. Miaka ikipita kovu linazama. Kila mashine ina makovu yake mahali pake, na kuingia peke yake hakuthibitishi kitu. Kuingia kila kumi na nane inaingia.

Nilipata picha za swala, za nyumba, za maua. Nilipata treni moja, nikaingiza mashine, ikakaa sawasawa. Makovu yalikuwa mbali na skrubu kwa upana wa kidole. Si yenyewe. Nikapata treni nyingine, aunsi tatu, nyepesi, tupa. Delmar alikuwa akila rundo hilo hilo upande wake. Kila nyundo ikishuka sikuwa na njia ya kujua kama hilo ndilo. Nilianza kuchungulia pipani nikitafuta dohani iliyofutika kwenye mabapa. Nilikuwa nalia na sikuwa na haya. Nilimwambia Delmar kuhusu kibonyeo ukingoni karibu na shingo, nikamwomba aangalie kwanza kabla ya kupiga. Akasema makasha yote haya yana vibonyeo, mzee, ndiyo maana yako hapa.

Saa sita na nusu lori lilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Rundo lilikuwa limebaki la kujaza ndoo mbili. Niliinua macho nifute machozi, nikaona juu ya gogo, chini ya nyundo iliyoinuliwa, treni isiyo na dohani.

Niliweka mkono.

Delmar alijaribu kuizuia nyundo, na aliizuia nusu. Ilinipata gumba na kidole cha pili. Nikasikia kitu kikivunjika, nikadhani ni kasha, nikapiga ukelele. Kumbe ni kidole, nikashukuru. Nililigeuza kasha kwa mkono wa kushoto. Kibonyeo kilikuwepo. Nikalifungua, nikaingiza mashine ya Oskar, ikashuka mahali pake kwa ule mlio mdogo ambao wenye kazi hii wanaujua, na skrubu zote mbili zikakaa juu ya makovu yake mawili kama hazijawahi kuondoka.

Delmar alinikazia skrubu yeye mwenyewe, kwa bisibisi yangu, maana mimi nilishindwa. Kwa mtu wa nyundo alikuwa na mkono mwepesi. Aliniambia baba yake pia alikuwa wa reli, akatoa leso safi mfukoni, nyeupe, akanifungia saa nisije nikaitia damu. Vidole vyangu nilivifunga kwa soksi yangu.

Niliendesha nyumbani kwa mkono mmoja nikiimba. Mzee wa miaka sabini na moja, anaimba peke yake barabarani. Nilikuwa nimejipangia kitakachotokea: atalijua, atacheka, atakula. Labda ataniita kwa jina langu.

Leota alikuwa amekaa mezani jikoni, Concetta pembeni na bakuli la supu. Sikuvua hata koti wala kofia. Nilisimama mbele yake, theluji inanidondoka mabegani, nikaweka leso mezani, nikaifungua.

Saa ilikuwa inatembea. Aliichukua. Kiganja chake kilishuka kidogo kwa ule uzito wa aunsi nne, na kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye kibonyeo, bila kutafuta. Concetta alijishika mdomo. Nami nilisema moyoni, Mungu, ahsante, imetosha.

Leota aliiweka sikioni. Kisha akanitazama, akatazama koti langu, akatazama leso.

"Wewe ndiye umeileta?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia katika miaka yote ya ndoa yetu.

"Mimi ndiye."

"Na baba?"

Hapo ndipo nilipoyaona yote, ile meza, lile koti, ile leso nyeupe, yule mtoto wa miaka tisa niliyemwacha nje ya simulizi.

"Mbona saa imekuja peke yake?" akasema. "Baba haachi saa yake. Baba yuko wapi?"

Alilia kama watoto wanavyolia siku ya kwanza ya msiba, kabla hawajajifunza kujizuia. Alimwita baba yake, akateremka kwenye kiti, akajificha chini ya meza na saa kifuani. Concetta alishuka naye sakafuni, akamkumbatia, akinitazama kwa macho ya kuuliza nimefanya nini. Nilikuwa nimefanya kile nilichoahidi mara kumi kwa siku. Nilikuwa nimempiga kwa habari ile ya msiba kila siku, na yeye akakataa kula akiisubiri, akichungulia dirishani kama mtu mwenye koti jeusi anakuja. Na mimi nikaenda, nikavunjika vidole, nikamletea.

Ilimchukua mpaka giza kuingia kuchoka. Alipolala niliitoa mikononi mwake kidole kimoja kimoja. Niliwaza kuitupa kwenye jiko. Sikuweza. Niliitia kwenye mfuko wa kizibao changu, upande wa ndani, nikafunga vifungo.

Asubuhi hakukumbuka kitu. Macho yalikuwa yamevimba naye hajui kwa nini. Nilimkalisha mezani, nikamwekea uji wa shayiri na sukari ya utomvu wa mti. Hakuugusa. Aligeukia dirishani, mabega yamepanda, akaanza.

"Saa ya baba iko wapi?"

Ilikuwa inatembea ubavuni mwangu, naihisi kupitia shati. Nilikuwa nimelala macho nikilitafuta jibu hili, na ni jibu ambalo mtu yeyote asiyekusanya saa angelipata siku ya kwanza.

"Ameenda nayo kazini," nikasema.

Leota aligeuka. Mabega yakashuka. Alinitazama kama anayepima iwapo mimi ni mtu wa kuaminika.

"Yuko njiani?"

"Yuko njiani. Treni ya Pittsburgh."

"Basi leo atachelewa, kuna theluji," akasema. "Mwekee chakula chake, bwana, kisipoe."

Nikaenda kabatini nikatoa bakuli la tatu, nikalijaza, nikalifunika kwa sahani. Leota alihakikisha limefunikwa vizuri. Kisha akashika kijiko chake akaanza kula.